Kupisha Wenye Haraka Kwenye Shimo la Saba

Nilimsalimia mtu akiwa ameinua fimbo. Hivyo ndivyo nilivyojulikana katika klabu ya gofu ya Wazungu pale Kitui, na kama wakati ule watu waliofika sekondari hawangekuwa wa kutafutwa kwa tochi, kazi yangu ingeisha siku hiyohiyo.

Nilikuwa katika wiki yangu ya kwanza. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amesimama juu ya mpira wake mdogo mweupe, miguu ameipanua, magoti ameyakunja kidogo, kama mtu anayejiandaa kung'oa kisiki. Mimi nilikuwa nikipita na kreti ya soda. Sasa, kwetu Ukambani, ukimpita mtu mzima aliyeinama kwenye kazi yake bila kumsalimia, umemwambia kwamba kwako yeye na hicho kisiki ni kitu kimoja. Hata mtu anayelima akiwa amekupa mgongo, unausalimia mgongo. Mama yangu angesikia nimempita mzee kimyakimya, angenirudisha nilikotoka nikaanze upya. Kwa hiyo fimbo ya mwenyekiti ilipofika juu kabisa, nyuma ya sikio, niliweka kreti chini kwa heshima, nikasimama wima, na kwa sauti yangu nzuri ya shule nikasema, "Habari ya asubuhi, Bwana! Umeamkaje?"

Mpira ukaingia kwenye miiba. Fimbo nayo ikaufuata.

"Karani!" alisema, uso umekuwa rangi ya nyanya. "Wewe nataka ua mimi?"

"Hapana, Bwana. Nakusalimu."

"Hapana salimu! Mtu napiga, kila mtu nyamaza! Nyamaza kama jiwe!"

Nikanyamaza kama jiwe. Nilinyamaza vizuri sana mpaka jioni, na nilipofika nyumbani nikiwa bado nimenyamaza, mke wangu akaanza kukusanya vyombo. Alijua nimefukuzwa na tunarudi kula kwa mama.

Lazima nieleze nilifikaje mahali ambapo mtu hulipwa kwa kunyamaza. Nilisoma miaka miwili ya sekondari, nikarudi nyumbani kupumzika, na mapumziko yakaninogea. Wenzangu wa rika walikwenda mbali. Mmoja alirudi kutoka vita vya Burma na saa ya mkononi na Kihindi cha kutukana. Mwingine aliajiriwa na reli pale Emali, kila likizo akatuletea habari za injini kama mtu anayesimulia ng'ombe wake. Wa tatu aliendesha malori, akalala Mtito Andei na kusikia simba wakikohoa. Mimi, mjomba wangu alinipa kazi dukani kwake Matiliku, nikakaa siku nne, nikarudi. Niliwaambia watu kwamba maji ya kule hayapatani nami. Ukweli ni kwamba nikilala mahali ambapo sisikii mtwangio wa mama yangu asubuhi, naamka nikiwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine simpendi.

Kwa hiyo klabu ilipotaka karani, nilikubali kabla sijaambiwa kazi yenyewe. Uzuri wake ni kwamba ukisimama kwenye veranda ya klabu ulikuwa unaona nyumba yangu juu ya mwinuko, mlango na moshi na mbuzi. Kama chai ilikuwa tayari niliona.

Kiwanja chenyewe usikifikirie kama vile vya Nairobi. Kilikuwa na mashimo tisa kwenye nchi ambayo mwenyewe unaijua, kipande cha nyasi kavu, kichuguu, miiba, tena nyasi kavu. Mahali pa shimo, ambapo kwingine huwa na majani laini, kwetu palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya malori ili upepo usiupeperushe. Wao walipaita brauni. Kazi yangu ilikuwa kulainisha brauni kwa gunia, kuhesabu chupa, kutafsiri, na kupaka rangi upya herufi za ule ubao mkubwa wa kanuni uliotundikwa verandani. Kanuni zile nilizipaka mara nyingi hata nikaziota.

Na hapa nitasema neno ambalo limenigombanisha na watu wengi, weupe na weusi. Mimi nilizipenda zile kanuni. Si wale waliozitunga. Nazungumzia kanuni zenyewe. Mtu anacheza peke yake kichakani, hakuna anayemwona, halafu anatoka na kusema, "Huko ndani nilipiga mara saba." Nani amemwuliza? Hakuna. Anajishtaki mwenyewe. Niambie ni baraza gani la wazee umewahi kuona mtu akijishtaki bila kuburutwa. Ni kweli kwamba wengine walitoka kichakani na kusema tatu huku majani yamewajaa mpaka kwenye soksi, lakini kanuni ilikuwepo, na aliyesema uongo alikunywa soda yake akiangalia chini.

Halafu kulikuwa na ile ya kumsaidia mchezaji dhaifu. Asiyejua kucheza alipunguziwa mapigo ili aweze kushindana na anayejua. Nilipoielewa nilikaa chini nikaomboleza. Kama shuleni ningefanyiwa hivyo kwenye hesabu, leo mngekuwa mnaniita daktari.

Nyingine zilikuwa upuuzi, na nililisema hilo pia, ingawa nililisema nyumbani. Mtu bila kola asipige mpira. Kwani mpira unaangalia shingo? Na ile ya wanawake: wake zao wenyewe hawakuruhusiwa kuingia chumba cha vinywaji, walikaa nje verandani na kofia zao, wakipitishiwa glasi dirishani. Nilipomweleza jirani yangu jambo hili, alicheka mpaka akashika ukuta.

Huyu jirani ndiye mwenye kisa hiki, basi nimweleze. Alikuwa mjane, umri wa mama yangu mdogo, boma lake na langu limetenganishwa na ua wa mnyaa. Alikuwa muumini mzuri wa kanisa la pale kilimani, anaimba mstari wa mbele, lakini ulimi wake haukuwa umebatizwa pamoja na yeye. Alikuwa ananiita "karani" kwa namna ambayo ungedhani ni jina la ugonjwa.

"Kwa hiyo, karani," alisema siku ile, "wale wanawake wananyonyeshwa dirishani kama ndama?"

"Ni kanuni, mama."

"Na wewe umeipaka rangi."

"Nimeipaka rangi."

"Imependeza?"

Nilianza kuzileta kanuni nyumbani. Sikukusudia. Jioni moja nilikuwa namimina chai na mke wangu akawa anasimulia habari za mbuzi aliyekula shuka, nikajikuta nimeinua mkono na kusema, "Mtu anapomimina, wengine wanyamaze." Alinyamaza. Alinitazama. Kisha akasema, "Baba watoto, ukipenda kunyamaziwa, nitakunyamazia mpaka Krismasi, na chakula nacho kitanyamaza." Kanuni hiyo niliiondoa kesho yake. Ile ya kujishtaki nilijaribu kwa watoto. Walijishtaki siku moja, wakachapwa na mama yao, wakaacha.

Mambo yalikuwa hivyo, mzaha mtupu, mpaka mvua ilipokosa.

Mvua ikikosa kwetu, mto unabaki mchanga, na maji unayachimba. Wanawake wa mwinuko wetu walikuwa na njia yao ya kuteremka mtoni. Ilitoka kwenye maboma yetu, ikapita kwenye ule mteremko, ikafika mchangani. Wazungu walipopima kiwanja chao, shimo la saba lilikatiza njia hiyo. Miaka ya mvua hakuna aliyejali, wanawake walikwenda mtoni mara moja asubuhi, wachezaji walikuja jioni. Lakini mwaka ule maji yalichelewa kujaa kwenye visima vya mchangani. Mwanamke alikaa huko akingojea debe lijae kwa kata ndogondogo, akarudi jua limeelekea magharibi. Na saa hiyo ndiyo mabwana walikuwa shimo la saba.

Mchezaji mmoja akakosa mpira wa karibu na shimo ambao hata mbuzi angeuingiza. Akasema ni kelele za wanawake. Labda ni kweli, wanawake wetu wakipanda mlima na mzigo huzungumza, mazungumzo ndiyo yanayopandisha. Kamati ikakaa. Uamuzi ukawa kwamba wapitao wasipojifunza adabu ya kiwanja kabla ya mwezi kwisha, njia itafungwa kwa seng'enge. Seng'enge ikifungwa, ingebidi wazunguke kilima chote, na mzunguko huo na debe mgongoni ulimaanisha safari moja tu kwa siku badala ya mbili. Nyumba yenye watoto na mbuzi, safari moja haitoshi. Kila mtu alijua ni nani ataanza kukosa: mbuzi kwanza, halafu wazee.

Jambo la kuchekesha, kama unaweza kulicheka, ni kwamba huyo mwenyekiti katika kazi yake ya serikali alikuwa bwana wa barabara. Alikuwa analipwa kufungua njia.

"Karani," aliniambia, "wewe fundisha hawa mama. Mtu napiga, wao simama. Hapana sema. Hapana cheka. Wakishindwa," akanionyesha stoo, ambako seng'enge ilikuwa tayari imeletwa, mizingo mizima, "basi."

Nikawafundisha. Nilisimama kwenye njia kama mwalimu, nikiwa na fimbo ya zamani ya klabu ili kuonyesha mfano, na wanawake wakaketi kwenye kivuli cha mgunga wakiwa wameweka madebe chini. Mke wangu alikuwa katikati yao, ameziba mdomo kwa leso.

"Bwana akisimama hivi," nikapanua miguu, "na akiinama hivi, mnasimama palepale."

"Na debe mgongoni?" jirani yangu akauliza. Debe lile hubebwa mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliopitishwa kwenye paji la uso. Ukisimama nalo, shingo ndiyo inayolia.

"Na debe mgongoni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apige."

"Na asipopiga?"

"Mama, lazima atapiga. Ndiyo kazi aliyokuja kufanya."

"Karani, mimi nimewaona hao. Anainama. Anatikisa makalio kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Anaangalia bendera. Anatikisa tena. Halafu anainuka, anakwenda kubadilisha fimbo. Yai halijatoka! Mimi nimesimama na shingo imeingia tumboni."

Darasa likavunjika. Mke wangu alikuwa analia kabisa kwa kicheko.

"Tuseme amebanwa na chafya," mwingine akauliza, "nani atamngoja nani?"

Niliwabembeleza. Niliwaonyesha seng'enge iko wapi. Hapo wakakubali, maana seng'enge haina mchezo.

Na walitekeleza! Hilo niwape haki yao. Siku zilizofuata wachezaji walipofika shimo la saba, msafara ulisimama wima kwenye mteremko, wanawake kumi na zaidi, kimya kama kanisani, macho yote kwenye mpira. Hawakukohoa. Hawakupepesa. Na hebu fikiria wewe ndiye mwenye fimbo. Umetazamwa hivyo na watu wanaotaka kitu kimoja tu duniani, kwamba umalize uondoke. Mipira iliruka kila upande isipokuwa ule wa bendera. Bwana yule wa kwanza, aliyelalamikia kelele, akaandika malalamiko mapya kwamba kimya chao kinamvuruga. Alisema wanamwangalia kama watu wanaosubiri maiti itolewe.

Mwenyekiti akasema seng'enge itafungwa Jumatatu.

Sitajidai kwamba nililala na kuamka na mpango. Mimi si mtu wa mipango. Nilikuwa nikipaka rangi ubao verandani, maana herufi za chini zilikuwa zimeliwa na jua, na nikafika kwenye ile kanuni ya mwendo. Ilisema hivi, kwa maneno yangu: wachezaji wanaokwenda polepole, au wanaotafuta mpira uliopotea, wawapishe walio nyuma yao wenye mwendo wa haraka. Kanuni hiyo mwenyekiti aliipenda kuliko mke wake. Wiki mbili kabla alimkaripia afisa kijana mbele ya watu wote, mpaka kijana akaacha gofu akaanza kufuga njiwa, kwa kosa la kutowapisha wenzake. Nikaitazama ile kanuni. Brashi ikadondosha rangi kwenye kiatu changu. Nikafikiri: si lolote, karani, paka rangi. Nikaendelea kupaka. Lakini jioni, tukiwa tunaupogoa mnyaa uliovamia njia, nilimwambia jirani kama hadithi tu.

"Inasema wenye haraka wapishwe?" aliuliza.

"Wachezaji wenye haraka."

"Umesema wachezaji, au ubao umesema?"

Nikafikiri. "Ubao umesema walio nyuma."

"Walio nyuma," akarudia polepole, kisha akaendelea kukata matawi.

Jumamosi mwenyekiti alikuwa na mgeni kutoka Nairobi, mchezaji mkubwa, mtu mwenye masharubu yaliyochanwa. Mimi nilikuwa shimo la saba na gunia langu, nalainisha brauni. Mwenyekiti akapiga, mpira ukapotelea kwenye nyasi karibu na njia. Wakaanza kuutafuta, wameinama, wanapapasa kwa fimbo. Na kutoka mtoni, jirani yangu akapanda, debe mgongoni, wenzake nyuma yake. Akafika, akasimama kama alivyofundishwa. Wakatafuta. Akasimama. Maji yalikuwa yanamdondoka kisogoni. Wakatafuta tena, mgeni akapata mpira, haukuwa wenyewe, ukatupwa.

Kisha jirani, bila kugeuza kichwa kwa sababu ya ukanda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karani. Niko nyuma yao. Wao wanakwenda polepole na wamepoteza mpira. Waambie nina haraka."

Nilitazama nyumba yangu kule juu. Moshi ulikuwa unatoka, chai ilikuwa tayari. Ningetoa kitu chochote niwe kule nikiinywa.

"Anasema nini?" mwenyekiti akauliza, bado ameinama.

"Bwana..." sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, yule ninayesema simpendi. "Huyu mama anaomba mumpishe."

Akainuka polepole. "Yeye hapana cheza gofu."

"Hapana, Bwana. Hachezi."

"Basi?"

"Ubao unasema wanaotafuta mpira wawapishe walio nyuma. Yeye yuko nyuma, Bwana. Na ana mwendo kuliko nyinyi." Hapo ningenyamaza kama jiwe, lakini jiwe lilikuwa limeshaanza kubingirika. "Ubao hausemi aliye nyuma awe amebeba nini."

Mgeni wa masharubu, ambaye kumbe Kiswahili alikisikia vizuri kuliko mwenyeji wake, alitoa mlio kama wa chupa inayofunguliwa, kisha akacheka wazi, akampiga mwenyekiti begani na kumwambia jambo kwa Kiingereza ambalo nililielewa na sitalirudia. Kwa ufupi, alimwuliza kama kanuni za hapa ni za kuning'inizwa tu.

Mwenyekiti alikuwa na makosa mengi, lakini hakuwa mtu wa kukubali kuambiwa na Nairobi kwamba kiwanja chake hakina adabu. Alisimama kando ya njia. Alivua kofia. Kipara chake kilikuwa cheupe kama yai, sehemu ambayo jua la Kitui halikuwahi kuifikia.

"Pita, mama," alisema.

Jirani akapita. Wenzake wakapita, mmoja mmoja, madebe yakilia, na kila mmoja alipofika pale mwenyekiti aliendelea kushika kofia mkononi, maana hakuna kanuni inayosema kofia irudishwe lini. Msafara ulikuwa mrefu. Mgeni alikaa chini kwenye nyasi, anajifuta machozi.

Jumatatu seng'enge haikufungwa. Kamati ilikaa, ikabishana mpaka giza, wengine wakasema huo ni mwanzo wa kila mtu kupita kila mahali, nao kwa kweli hawakukosea. Lakini mwenyekiti alikuwa amevua kofia mbele ya shahidi, na angefunga njia angekuwa amejikana. Ubao ukaongezwa mstari, nami nikaupaka rangi: wanaoteka maji wapishwe shimo la saba. Seng'enge ikazungushiwa bustani ya kabichi ya klabu. Kabichi hazikufaulu.

Na mimi? Nilivimba. Nilianza kusimulia kisa hiki kwenye duka la Mswahili mmoja pale mjini, ambaye babu zake walitoka pwani na maneno mengi, naye ndiye aliyeniambia nimepata haki kwa hekima, na neno hilo likanikaa mwilini kama koti jipya. Nilitembea kwa mwendo mwingine. Nilimwambia mke wangu kwamba sasa ameelewa elimu ni nini. Akasema ameelewa, na je, elimu inaweza kupasua kuni?

Bado mpaka leo nasema ile kanuni ya kupishana ni bora kuliko nyingi za serikali, na aliyeitunga alikuwa mtu aliyewahi kuchelewa. Watu wakinibishia nawaambia bishaneni na ubao. Lakini kuna neno alilonijibu jirani yangu, na ni haki niliandike kama lilivyosemwa.

Ilikuwa jioni ya siku niliyopaka ule mstari mpya. Nilikaa kwenye kigoda nje ya ua wangu, miguu nimeinyoosha kwenye njia, nikiwasubiri wanawake wapande. Sitasema nilikuwa nasubiri asante. Niseme nilikuwa nimekaa mahali ambapo asante, kama ingepita, isingenikosa. Jirani akaja wa kwanza, debe limejaa, shingo mbele, anapumua kwa nguvu.

"Mama," nikamwambia, "umeona sasa faida ya kanuni? Mmepata ruhusa, na imeandikwa."

Alisimama. Hakulitua debe.

"Njia hii mama yangu aliipita mimi nikiwa tumboni mwake," alisema. "Wewe umetuombea ruhusa ya kupita kwetu, na sasa umekaa katikati ya njia unangoja nikupigie makofi. Ondoa miguu, maji ni mazito."